Mbwa au paka amekula nazi: anza na dalili, kisha utafute alikula sehemu gani

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni kama nazi ni sumu kwa mbwa na paka. Jibu ni hapana, na jibu hilo ndilo linalowaponza wengi. Ukishaambiwa si sumu, unatulia, unazima taa, unasubiri kupambazuke. Mimi nilisubiri. Mbwa wangu alikuwa ametafuna kifuu, usiku akatapika mara mbili, nikajiambia ni tumbo tu limechafuka. Kesho yake jioni alikuwa amelazwa kwenye meza ya upasuaji, kipande cha kifuu chenye ukubwa wa kidole gumba kimekwama kwenye utumbo mwembamba.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza habari ya sumu. Nauliza ni sehemu gani ya nazi iliyoliwa, kiasi gani, saa ngapi, na aliyekula ana kilo ngapi. Nazi moja ni vitu vingi: makumbi, kifuu, nyama, maji, tui, machicha, mafuta. Kila kimoja hudhuru kwa njia yake, na dalili zake huja kwa saa zake.

Mwangalie mnyama kwanza, nazi baadaye

Inua mdomo wa juu uone ufizi. Wa kawaida ni wa waridi na una unyevu (baadhi ya mbwa wana ufizi mweusi kwa asili, hao waangalie ndani ya kope ya chini). Bonyeza kwa kidole mpaka pale ulipobonyeza pawe peupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe, wa kijivu, wa manjano au unanata kama gundi iliyoanza kukauka, acha kusoma na uondoke naye kwenda kwa daktari wa wanyama.

Vivyo hivyo ukiona anajikakamua kutapika bila kutoa kitu huku tumbo limetuna kama ngoma, hasa kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu. Tumbo la mbwa wa namna hiyo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hapo zinahesabiwa saa, si siku. Kutetemeka, kuyumba, degedege, kuzimia na kupumua kwa shida navyo havisubiri.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, una muda wa kuchunguza. Kusanya mabaki. Pima kwa macho kilichobaki ili ujue kilichoondoka. Kama kulikuwa na pakiti au chupa, ipige picha upande wenye orodha ya viambato.

Anahara, lakini bado anacheza

Hii ndiyo hali inayotokea mara nyingi zaidi na yenye hofu ndogo zaidi. Nyama ya nazi mbichi ina mafuta gramu 33 hivi katika kila gramu 100. Nazi iliyokunwa na kukaushwa ina karibu mara mbili ya hapo. Tui zito, robo mpaka theluthi yake ni mafuta. Utumbo usiozoea mzigo huo unaushusha haraka: kinyesi laini, cha manjano au kinachong'aa kwa mafuta, harufu kali, pengine gesi nyingi. ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, linasema hivyo hivyo kuhusu nyama na tui: kidogo hakina madhara makubwa, ila tumbo linaweza kuvurugika.

Machicha humdanganya mwenye mbwa. Kwa kuwa yameshakamuliwa, mtu hudhani yamebaki makapi matupu, anayamwaga kwenye bakuli. Bado yana mafuta ya kutosha kumharisha, na nyuzinyuzi zake nyingi huongeza kinyesi maradufu. Yakiwa yamelala na kuanza kuchachuka, usiyatoe kabisa.

Cha kufanya ni kidogo. Ondoa kila chenye nazi. Maji safi yawepo muda wote, ila kama anayagugumia na kuyatapika, mpe machache machache. Chakula kiwe kidogo na chepesi kisicho na mafuta kwa siku moja au mbili: kuku aliyechemshwa bila ngozi na wali mweupe, bila chumvi, bila kitunguu. Usimpe dawa ya binadamu ya kufunga kuhara, kwa sababu baadhi ya mbwa, hasa jamii ya Collie, wana urithi unaofanya dawa hizo zipenye hadi kwenye ubongo. Mbwa mzima mwenye afya hutengemaa ndani ya saa 24 hadi 48. Mtoto wa mbwa au wa paka usimngoje muda huo, kwani hukaukiwa maji upesi na sukari yake ya damu hushuka akikaa na njaa.

Damu kwenye kinyesi, au kuhara kukipita siku mbili, nenda.

Anatapika, amegoma kula, na tumbo halitaki kuguswa

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana ndipo watu huchanganya kuvurugika kwa tumbo na ugonjwa wenyewe.

Kongosho ni kiungo kilicholala jirani na tumbo, kinachotengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta na protini. Mlo wa mafuta mengi kwa mkupuo unaweza kukiamsha vibaya. Vimeng'enya vinaanza kazi vikiwa bado ndani ya kongosho, na kongosho linaanza kujisaga lenyewe. Linavimba, na linauma sana.

Hesabu ya nazi inatisha ukiifanya. Nazi ya wastani ina nyama inayokaribia gramu 400. Mbwa akila nusu yake amemeza mafuta kama gramu 65, sawa na vijiko vitano vya chakula vya mafuta ya nazi. Kwa mbwa wa kilo 40 huenda ikaishia kwenye kuhara. Kwa mbwa wa kilo 6 ni mlo wa hatari.

Dalili hazifuati saa moja baada ya kula. Mara nyingi hufika siku hiyo hiyo usiku au siku moja mbili baadaye, wakati ambapo umeshasahau habari ya nazi. Anatapika na kurudia. Anageuza uso mbele ya chakula anachokipenda. Amezubaa, pengine ana homa (joto la mbwa wa kawaida huishia karibu na nyuzi 39.2). Na kuna mkao mmoja unaopaswa kuujua kwa macho: miguu ya mbele na kifua vimelala chini, makalio yamebaki juu. Mbwa anayekualika mchezo hukaa hivyo hivyo, lakini huyo mkia unacheza na macho yanakutazama. Mwenye maumivu hukaa hapo kimya, mgongo umejikunja, anaangalia sakafu.

Ukijua mbwa wako yuko kwenye kundi lenye hatari, usisubiri mkao huo. Mbwa wengi wa aina ya Miniature Schnauzer huzaliwa na tabia ya kuwa na mafuta mengi kwenye damu. Yorkshire Terrier na Cocker Spaniel nao hutajwa mara kwa mara. Mbwa mnene, mwenye kisukari, au aliyewahi kuugua kongosho, kijiko kimoja cha tui kinatosha kumpigia daktari simu.

Daktari atapima damu kutafuta kimeng'enya cha kongosho na huenda akaangalia kwa ultrasaundi. Tiba ni dripu, dawa ya maumivu, dawa ya kuzuia kutapika, na baadaye chakula chenye mafuta kidogo. Nyumbani hakuna mbadala wa hayo. Usimpe ibuprofeni wala paracetamoli kumtuliza. Ya kwanza humchoma tumbo na figo, na ya pili, kwa paka, kidonge kimoja kinaweza kuua.

Paka hawafuati ratiba hii. Paka mwenye kongosho lililovimba anaweza asitapike hata mara moja. Anajificha, hali, halambi manyoya yake, basi. Na paka asipokula siku mbili tatu, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili wake huanza kujazana kwenye ini, na hapo umepata ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Kwa paka, kugoma kula saa 24 ni dalili kamili, haihitaji mwenzake.

Anarudisha hata maji, na hapati choo

Achana na mafuta, fikiria kifuu na makumbi.

Kifuu kikavu ni kigumu na kikivunjika hutoa ncha kali. Hakisagiki tumboni. Kipande kidogo kinaweza kupita, kikubwa hukaa tumboni siku kadhaa kikiziba na kuachia, kisha siku moja kikaingia utumbo mwembamba na kugoma. Ndiyo maana mbwa wangu alitapika, akatulia, akanywa maji, nikafurahi, halafu akaanza upya. Kutulia katikati si kupona.

Makumbi ni mabaya kwa namna nyingine. Mbwa huyapenda kwa kuwa yanachanika vizuri mdomoni, yanamfurahisha kama kamba. Zile nyuzi hazisagiki, hujisokota na kuwa fundo. Uzi mrefu ukinasa upande mmoja na mwingine ukaendelea kuvutwa na utumbo, utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa kwenye kamba ya suruali, na uzi unaanza kuukata. Kwa hiyo ukiona nyuzi zinaning'inia mkunduni, usivute. Nakuelewa, mkono unataka kuvuta. Kata kwa mkasi kilichojitokeza kama kinamsumbua, kisha mpeleke. Uzi ulionasa chini ya ulimi nao usiuvute.

Dalili zinazoelekeza huku: kutapika kunakorudia kila anapokula au kunywa, mate mengi, kujikamua bila kinyesi au kutoa vitone tu, tumbo gumu, na mnyama anayezidi kunyong'onyea kila saa. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni kifuu au makumbi. Vitu vya mimea mara nyingi havionekani vizuri kwenye picha ya eksirei kama mfupa au chuma vinavyoonekana, na bila neno lako anaweza kuitazama picha na asione kitu. Alichokwambia jirani, kwamba umpe mafuta mengi kitu kiteleze kitoke, ndicho hasa usichopaswa kufanya: unamwongezea kongosho kazi na kifuu kitabaki pale pale.

Usimtapishe pia. Ncha iliyoteremka salama inaweza kuchana umio ikipanda. Chumvi ya kutapishia ni hatari yenyewe, na haidrojeni peroksaidi haitumiki kwa paka hata kidogo, wala kwa mbwa bila daktari kuagiza kipimo.

Kama kifuu kilimezwa leo na mnyama hana dalili, piga simu leo. Kitu kikiwa bado tumboni, mara nyingi hutolewa kwa kamera yenye koleo bila kupasua. Kikishateremka, nafasi hiyo imepita.

Anakwaruza mdomo kwa mguu

Fungua mdomo ukiweza bila kung'atwa. Kipande kinaweza kukwama juu kwenye kaakaa kati ya meno, au jino kubwa la pembeni la taya ya juu likawa limevunjika kwa kutafuna kifuu. Jino lililovunjika halimfanyi mbwa alie; humfanya atafune upande mmoja tu na aanze kuangusha chakula. Anayekabwa kweli hawezi kuvuta pumzi wala kutoa sauti. Huyo hana muda wa simu. Toa unachokiona, na kama huoni kitu, mkumbatie kwa nyuma na umsukume kwa nguvu chini ya mbavu, kwenda ndani na juu, huku mwenzako akiandaa safari.

Anayumba, anatetemeka, au mkojo umebadilika rangi

Nazi peke yake haifanyi haya. Tafuta alichokula pamoja nayo.

Peremende, siagi za karanga na vitafunio vya nazi visivyo na sukari vinaweza kuwa na zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo kwenye lebo huandikwa pia E967. Kwa mbwa, kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kinatosha kuangusha sukari ya damu, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Anakuwa kama mlevi, kisha anaanguka. Kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Hii ndiyo sababu nilisema upige picha orodha ya viambato. Biskuti za nazi zenye chokoleti huleta moyo kwenda mbio na kutotulia, zenye zabibu kavu zinaweza kuua figo, na njugu za makadamia humlegeza mbwa miguu ya nyuma.

Mafuta ya kupaka yana mchanganyiko wake. Watu huchanganya mafuta ya nazi na matone ya mafuta makali ya kunukia, ya mkaratusi kwa mfano, ili kufukuza viroboto. Mnyama hujilamba, na mengine hupenya kwenye ngozi. Paka ndio huathirika zaidi: mate, kuyumba, mwili kupoa. Mwoshe kwa sabuni laini ya vyombo na maji ya vuguvugu, mkaushe, mfunike, nenda. Kitunguu saumu kilichotwangwa kwenye mafuta ya nazi kama "dawa ya minyoo" huvunja chembe nyekundu za damu, na matokeo huonekana siku kadhaa baadaye: ufizi umepauka, mkojo wa kahawia, mnyama anachoka kwa hatua chache. Wakati huo hakuna anayekikumbuka kile kijiko.

Nazi yenye ukungu iliyookotwa jalalani ni kesi nyingine. Baadhi ya kuvu hutoa sumu inayotetemesha mwili mzima ndani ya saa chache. Nyingine, aflatoksini, inayopatikana pia kwenye mbata iliyokaushwa vibaya, hulenga ini: macho na ufizi wa manjano baada ya siku.

Amekunywa maji ya dafu

Mbwa mzima aliyelamba bakuli, mwache. Maji ya dafu yana potasiamu kama miligramu 250 kwa kila mililita 100, na figo nzima huitoa bila shida. ASPCA hata hivyo inashauri wasipewe, na naona ushauri huo ni wa busara kwa sababu ya wachache ambao figo zao hazifanyi kazi, wenye ugonjwa wa Addison (tezi za juu ya figo hazitoi homoni za kutosha), au wanaotumia baadhi ya dawa za moyo zinazobakiza potasiamu mwilini.

Kuna mmoja ninayemhofia kuliko wote hao: paka dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu. Mwenye paka anakumbuka kwamba maji ya dafu hufungua mkojo, anamnywesha. Paka huyo kibofu kimeziba. Potasiamu tayari inapanda kwenye damu yake kwa kuwa haina pa kutokea, na ikizidi husimamisha moyo. Maji ya dafu yanamwongezea kile kile kinachomuua. Asipozibuliwa, siku moja au mbili zinatosha.

Hana dalili, ila anapewa kijiko cha mafuta kila siku

Nimeiweka hii mwisho ingawa naamini ndiyo chanzo cha madhara mengi kuliko nazi iliyoibwa jikoni. Aliyeiba ameiba mara moja.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina kama kilokalori 120. Paka wa kilo 4 huhitaji karibu kilokalori 200 kwa siku nzima. Kijiko hicho ni zaidi ya nusu ya chakula chake, hakina protini wala madini. Kama mbwa wako ameongezeka uzito na hujui kwa nini, au kinyesi hakikazi wiki kwa wiki, angalia kijiko kabla ya kubadilisha chakula.

Wengi humpa kwa ajili ya manyoya. Asidi ya mafuta ambayo ngozi ya mbwa inaihitaji ni ya linoleiki, na mafuta ya nazi yana asilimia 2 hivi tu ya hiyo. Omega-3 karibu hayana. Sehemu kubwa ni mafuta mazito yasiyo na kazi hiyo. Manyoya yanang'aa kwa kuwa yamepakwa au yamelambwa. Anayejikuna bado ana viroboto au mzio chini ya huo mng'ao. Wengine wamesikia kwamba madaktari hutumia mafuta ya mnyororo wa kati kwa mbwa wenye kifafa. Ni kweli yapo, lakini hayo ni ya asidi fupi zaidi zilizotenganishwa. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ni ndefu kuliko hizo. Chupa ya jikoni haishiki nafasi yake, na dawa ya kifafa haiachwi kwa sababu yake.

Paka akianza kugomea chakula ulichochanganya mafuta, usimlazimishe kwa bomba la sindano. Paka wengi hawapendi ladha ya asidi hizo. Mafuta yanayosukumwa mdomoni kwa nguvu hayamshtui mnyama akakohoa kama maji yanavyofanya, kwa hiyo yanateleza kwenye njia ya hewa kimyakimya, na siku kadhaa baadaye unasikia kikohozi na pumzi za haraka. Ukihesabu pumzi zake akiwa amelala na zikawa zaidi ya 40 kwa dakika, huenda mapafu yameshaguswa. Mwambie daktari kwamba ulimnywesha mafuta, hata ukiona haya.

Ukiamua kuacha, acha leo. Hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo. Kama ulikuwa unatumia mafuta kufichia kidonge, kipande kidogo cha kuku aliyechemshwa kinafanya kazi hiyo hiyo.